Dang'a Haingoji Kuche



Kaa siku moja ya gulio kwenye duka la dawa za mifugo, liwe la Tukuyu, Lushoto au Moshi vijijini, ama vuka mpaka uende Kiambu na Nyandarua, na utasikia maneno yanayofanana. "Ndama wangu ana siku tano, anaharisha, nipe dawa." Muuza duka atauliza kinyesi kina rangi gani, atatoa pakiti ya unga au kichupa cha sindano, mfugaji atalipa na kwenda zake. Swali lililotakiwa kutangulia halikuulizwa: ndama huyo alipozaliwa alinyonya baada ya muda gani, na alinyonya kiasi gani?

Nataka jioni hii tukae na swali hilo, kwa sababu naamini ndama wengi tunaowazika nyuma ya banda wakiwa na wiki moja au mbili wanaponzwa na kile ambacho hakikufanyika usiku ule ule waliozaliwa. Nazungumzia dang'a, yale maziwa mazito, mara nyingi ya njano, ambayo mama hutoa anapozaa.

Mtoto wa binadamu akiwa bado tumboni, kondo la mama yake humpitishia kingamwili, yaani zile protini za damu zinazotambua vimelea vya maradhi na kuvikabili. Anapozaliwa tayari ana kitu mwilini. Kwa ng'ombe mambo si hivyo. Kondo lake lina tabaka nyingi kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kingamwili, kwa ukubwa wake, hazipenyi. Mbuzi na kondoo ni vivyo hivyo. Nguruwe, farasi, punda na ngamia pia. Ndama anaanguka kwenye majani ya banda akiwa ameumbika kikamilifu, macho yanaona, na muda si mrefu anajikongoja asimame, lakini damu yake karibu haina kingamwili kabisa. Na mahali anapoangukia tunapajua: sakafu yenye samadi, mkojo, na vijidudu vyote vilivyoachwa na ng'ombe wakubwa wanaolala hapo mwaka mzima.

Pengo hilo mama analiziba kwa njia nyingine. Katika wiki chache za mwisho za mimba, kiwele chake huzivuta kingamwili kutoka kwenye damu na kuzilundika. Lita moja ya dang'a nzuri ina gramu 50 za kingamwili au zaidi. Lita moja ya maziwa ya kawaida haifikishi hata gramu 1. Mbali na hizo, dang'a ina protini na mafuta mengi kuliko maziwa, ina vitamini A, ina homoni za ukuaji na chembe hai nyeupe za damu ya mama. Ukikamua mara ya pili, kingamwili zimeshapungua karibu nusu, na kufikia siku ya tatu au ya nne unachokamua kinakaribia kuwa maziwa ya kila siku.

Sasa sikiliza upande wa ndama, maana hapa ndipo kazi ya Mungu inaponishangaza kila ninapoifikiria. Utumbo wa ndama mchanga unafanya kitu ambacho hautakifanya tena maishani mwake. Unapokea zile protini kubwa za dang'a zikiwa nzima, bila kuzimeng'enya, na kuzipitisha moja kwa moja hadi kwenye damu. Ni mlango ulioachwa wazi, na huanza kufungwa tangu ndama anapogusa ardhi. Zikipita saa 6, unachopitisha kimeshapungua vya kutosha kuleta hasara. Zikitimia saa 24, umefungwa. Dang'a atakayokunywa baada ya hapo itamshibisha, itamsaidia kidogo ndani ya utumbo wenyewe, lakini haitaingia tena kwenye damu yake.

Mlango huo hauchagui. Kama vijidudu vya samadi vitatangulia kuingia mdomoni kabla ya dang'a, kwa sababu ndama alikuwa akihangaika kutafuta chuchu na badala yake akalamba ukuta na miguu michafu ya mama yake, navyo vitapita. Ndiyo maana unaona ndama aliyezaliwa mzima Jumatatu, Jumatano hawezi kuinuka, na kufikia Ijumaa amekufa hata kabla hajaanza kuharisha vizuri. Vimelea viliingia kwenye damu na kuenea mwili mzima. Wale wanaovuka siku hizo za mwanzo wanakutana na kuhara kwa wiki ya pili, kisha homa ya mapafu, kisha viungo kuvimba kwa maradhi yaliyopitia kitovuni. Ndama huanza kujitengenezea kingamwili zake mwenyewe, ila polepole, kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo anaishi kwa alichopewa na mama yake.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1892 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alifanya jaribio kwa panya huko Berlin. Aliwazoesha panya wa kike sumu kali za mimea, mojawapo ikiwa ile iliyomo kwenye mbegu za nyonyo, mmea unaoota wenyewe kando ya barabara zetu nyingi. Kisha akawabadilisha watoto: wa panya aliyekingwa wakanyonyeshwa na panya asiyekingwa, na wa asiyekingwa wakanyonyeshwa na aliyekingwa. Akaona kwamba kinga inaweza kusafiri ndani ya maziwa.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1922, Theobald Smith na mwenzake Ralph Little walilipeleka swali hilo kwenye banda la ng'ombe huko Princeton, Marekani. Mfugaji wa huku kwetu ana sababu ya kumkumbuka Smith, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha pamoja na Frederick Kilborne, mwaka 1893, kwamba kupe ndio wanaosambaza ugonjwa wa ng'ombe kukojoa damu. Safari hii waliwanyima ndama kadhaa dang'a na kuwapa maziwa ya kawaida, huku wengine wakipata dang'a kama ilivyo desturi. Waliopata dang'a waliishi. Waliokosa, wengi wao walikufa katika siku za mwanzo, na walipopasuliwa, bakteria wa kawaida wa utumbo walikutwa wamezagaa kwenye viungo vya ndani. Bakteria wale wale, banda lile lile. Tofauti ilikuwa kile kinywaji cha kwanza. Ni zaidi ya miaka 100 sasa tangu matokeo hayo yachapishwe, na bado ndama wanakufa kwa kukosa kitu ambacho kimo ndani ya kiwele cha mama yao, hatua mbili kutoka walipolala.

Kwa nini?

Wapo wanaojibu haraka kwamba ni imani potofu. Ni kweli imani zipo. Sehemu nyingi husemwa ndama asinyonye mpaka kondo la nyuma lidondoke. Kondo linaweza kuchukua saa 6, saa 12, na likikwama linakaa siku nzima na zaidi. Mlango wa utumbo hausubiri. Wengine husema dang'a inaharisha, kwa hiyo hukamua na kuimwaga chini kwanza. Hawa naona wameona jambo la kweli na wakalitafsiri vibaya, kwa sababu dang'a hulainisha tumbo na kusukuma nje kile kinyesi cha kwanza, cheusi, chenye kunata, ambacho ndama amekaa nacho tumboni mwa mama. Kulainika huko ndiko kunakotakiwa. Na miongoni mwa baadhi ya wafugaji wa ngamia wa Pembe ya Afrika, ndama wa ngamia hupunguziwa dang'a kwa hofu hiyo hiyo.

Lakini nisingependa lawama zote tuzibebeshe mila. Mfugaji wa asili anayemwacha ng'ombe wake azalie malishoni, ndama akasimama na kunyonya mwenyewe huku mama akimlamba, mara nyingi anaipata kazi ikiwa imekwisha bila kuingia darasani. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30 na walio wengi ni hao wa asili. Ndama wao ana kilo 20 hivi, mwepesi wa kuinuka, na chuchu za mama yake ziko mahali anapoweza kuzifikia. Shida imekua pamoja na ufugaji wa kisasa wa ndani. Tumeleta ng'ombe mkubwa wa maziwa, kiwele kimeshuka, chuchu ziko chini ya magoti, ndama anatafuta juu wakati maziwa yako chini. Tumemfunga mama kamba fupi. Tumemtenga ndama mapema ili asimalize maziwa ya kuuza. Pengine chuchu moja au mbili zimekufa kwa kuumwa na kupe. Ukimtegemea ndama huyo ajinyonyeshe mwenyewe, wengine watafanikiwa na wengine hawatafanikiwa, na hutajua nani ni nani mpaka wiki ya pili.

Na kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ng'ombe anaweza kuzaa saa nane za usiku. Nani yuko macho?

Tajiri wa ng'ombe yuko mjini, au amelala nyumba kubwa. Aliye karibu na banda ni kijana wa kazi, au mama mwenye nyumba, au binti aliyemaliza darasa la saba. Semina ya ufugaji bora ilipofanyika kwenye ofisi ya kata, aliyekwenda, akapewa daftari, soda na nauli, alikuwa tajiri. Aliyebaki nyumbani akikata majani ni yule kijana. Yeye hakuna aliyemwambia habari za saa 6. Anachojua ni kwamba ng'ombe akizaa ampigie bosi simu, na akipiga, swali la kwanza analoulizwa ni, "Jike au dume?" Akijibu jike, simu inachangamka. Akijibu dume, sauti inashuka, na hakuna anayeuliza kama amenyonya. Kijana anarudi kulala. Asubuhi, saa kumi na mbili, anamkuta ndama amejikunja, mdomo wa baridi, anamsukumia kwenye chuchu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza ukiwa bandani, ndoo mkononi, redio imening'inizwa kwenye nguzo, naomba nizungumze na wewe moja kwa moja, maana uhai wa yule ndama uko mikononi mwako kuliko mwa daktari.

Ndama akishatoka na kupumua, mpake kitovu iodini, mwache mama amlambe, kisha osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kausha, na ukamue. Usisubiri zamu ya asubuhi, kwa sababu dang'a inayobaki kiweleni inazidi kupungua nguvu kadiri saa zinavyokwenda. Chombo kiwe kimeoshwa kwa sabuni na maji ya moto na kukauka; bakteria wakijaa kwenye dang'a hupunguza kiasi cha kingamwili zinazoingia kwenye damu, kwa hiyo ndoo chafu inaharibu hata dang'a bora kabisa.

Kiasi ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama. Friziani wa kilo 35 apate lita 3 na nusu. Jersey wa kilo 25, lita 2 na nusu. Ndama wa kienyeji wa kilo 20, lita 2. Hiyo yote ndani ya saa 2 za kwanza ukiweza, na isizidi saa 6. Kisha mpe tena kama lita 2 kabla ya kutimia saa 12. Najua wengi watashtuka, maana tumezoea kumpa nusu lita na kusema ameshiba. Hesabu yake ni hii: ndama anatakiwa kumeza walau gramu 150 hadi 200 za kingamwili, na katika hizo ni sehemu ndogo tu, robo hadi theluthi hivi, itakayofika kwenye damu. Nusu lita ya dang'a nzuri ina gramu 25. Haitoshi, hata kama tumbo lake linaonekana limejaa.

Tumia chupa yenye chuchu ya mpira, dang'a ikiwa na joto la mwili, kichwa cha ndama kikiwa kimeinuka kiasi kile anachoinua anaponyonya. Akichoka, mpumzishe, rudi baada ya nusu saa. Usimmiminie kwa nguvu kwenye koo, kwa kuwa maziwa yakienda kwenye mapafu utakuwa umemuua kwa mkono wako. Kuna mrija maalumu wa kupitisha dang'a hadi tumboni kwa ndama asiye na nguvu ya kunyonya. Mrija huo unaokoa maisha, lakini jifunze kwanza kuutumia kwa ofisa mifugo, mchana kweupe, kabla ya usiku wa dharura.

Ubora je? Watu hutazama rangi na uzito. Macho hudanganya. Dang'a ya njano sana inaweza kuwa na kingamwili kidogo kwa sababu rangi inatokana na karotini ya majani aliyokula ng'ombe, na iliyopauka inaweza kuwa nzuri. Kuna kifaa kidogo cha mkononi, kile kile kinachopima utamu wa juisi na wa miwa, kinachosomwa kwa kipimo cha Brix. Unaweka matone mawili ya dang'a, unachungulia kwenye mwanga; ikisoma asilimia 22 au zaidi, dang'a hiyo inafaa kuwa chakula cha kwanza. Ikisoma chini ya hapo, mpe nyingi zaidi, au tafuta ya ng'ombe mwingine. Chama cha ushirika wa maziwa chenye wanachama hata 50 hakishindwi kununua kimoja kikakaa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Ubora wenyewe hujengwa miezi miwili kabla. Ng'ombe akaushwe, yaani aache kukamuliwa, siku 60 kabla ya tarehe ya kuzaa. Natambua kwa nini watu wanakamua mpaka mwezi wa mwisho: ada ya shule haijui kwamba ng'ombe ana mimba. Hata hivyo ng'ombe asiyepumzika, zaidi sana yule anayekamuliwa hadi wiki mbili tatu kabla ya kuzaa, hapati nafasi ya kukusanya kingamwili za kutosha, na lita chache ulizouza mwezi ule unaweza kuzilipa kwa mtamba mzima. Kama kuna chanjo zinazopendekezwa eneo lako, muulize daktari kuhusu kumchanja mama wiki chache kabla ya kuzaa, ili kingamwili za chanjo zipate kuingia kwenye dang'a. Na ng'ombe aliyenunuliwa mnadani wiki moja kabla ya kuzaa anakuja na kingamwili za vijidudu vya kwao. Vya banda lako bado hajavizoea. Ukinunua mwenye mimba, mnunue mapema.

Mama akifa, au akiwa na ugonjwa wa kiwele dang'a ikatoka na madonge na damu, ndipo watu hukumbuka ile dawa ya yai. Vipeperushi vingi vya ufugaji vimeirudia kwa miaka mingi: yai bichi, kijiko cha mafuta ya nyonyo, maziwa na maji ya uvuguvugu. Nataka nieleweke vizuri hapa. Mchanganyiko ule ni chakula, na mafuta yale yanalainisha tumbo, lakini hauna kingamwili za ng'ombe ndani yake. Aliyempa ndama yai na kuamini amemkinga, hajamkinga. Kinachoweza kuchukua nafasi ya dang'a ni dang'a nyingine, au ile ya unga ya dukani iliyotengenezwa kutokana na dang'a halisi, pale inapopatikana na mfuko ukiruhusu.

Kwa hiyo iwekwe akiba. Ng'ombe mkubwa hutoa dang'a nyingi kuliko anayoweza kunywa ndama wake siku ya kwanza. Ile ya ukamuaji wa kwanza iliyobaki, ya ng'ombe mwenye afya, aliyepimwa na kuonekana hana ugonjwa wa kutupa mimba, itiwe kwenye chupa safi za lita moja, iandikwe tarehe, igandishwe kwenye friza. Itakaa hata mwaka. Siku ya kuitumia, iloweke kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, isizidi nyuzi 50, mpaka iyeyuke. Usiichemshe kamwe, kwani kingamwili zote zitaharibika na dang'a itaganda kama yai. Kijiji chenye duka moja la soda lenye friza kina uwezo wa kuwa na akiba ya kuwatosha wafugaji wake wote, wakikubaliana tu na mwenye duka.

Na msinipinge kwamba kumpa ndama lita 3 ni kupoteza mauzo. Dang'a haina soko. Viwanda na vituo vya kukusanyia maziwa vinaikataa, kwa sababu protini zake nyingi huifanya igande kwenye kipimo cha spiriti, na ikipashwa moto inaharibu maziwa mengine yote. Ndani ya nyumba zetu wapo wanaoipenda ikipikwa hadi kuganda, watoto wakagawana, na sioni ubaya wowote ndama akishapata haki yake. Ila ipikwe kweli, isinywewe mbichi, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba unaompata ng'ombe unampata na binadamu kupitia maziwa mabichi, homa zake zikamzungusha mtu zahanati miezi akidhaniwa ana malaria.

Wafugaji wa mbuzi na kondoo, kwenu sheria ni ile ile kwa vipimo vidogo. Mwanambuzi wa kilo 2 apate mililita 100 kwenye saa 2 za kwanza, na arudiwe mpaka afikishe kama mililita 400 siku inapotimia. Kabla hajanyonya, minya kila chuchu mara mbili tatu, kwa maana mara nyingi huzibwa na nta ngumu na mtoto dhaifu hawezi kuivuta. Wakizaliwa mapacha au watatu, yule mdogo usimwachie wenzake wamwamulie. Wenye mbuzi wa maziwa wa kizungu waulize daktari kuhusu ugonjwa wa viungo unaopita kwenye dang'a. Unaposhukiwa, dang'a hupashwa joto la nyuzi 56 kwa saa nzima, ikiangaliwa kwa kipimajoto, ndipo mtoto anyweshwe.

Mtoto wa nguruwe hali yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa anazaliwa na mafuta kidogo sana mwilini, na baridi ya usiku wa Mbeya au Njombe inammaliza kabla ya vijidudu. Dang'a kwake ni kinga na ni joto pia. Anahitaji kama gramu 250 siku ya kwanza, na anashindana na ndugu kumi. Wazoefu huwachukua wakubwa waliotangulia kunyonya, wakawafungia kwenye sanduku lenye majani makavu muda wa saa moja, wadogo wakabaki na mama peke yao. Ni kazi ya usiku mmoja, na idadi ya watoto utakaowaachisha ziwa inategemea sana usiku huo.

Sitaki kuahidi kupita kiasi. Dang'a haimkingi ndama na ndigana kali. Ugonjwa ule wa kupe hushindwa zaidi na chembe za kinga ambazo mwili wa ndama mwenyewe unajitengenezea, kwa hiyo kuogesha na chanjo viko pale pale. Dang'a haiondoi haja ya banda kavu na maji safi. Ila inampa ndama nafasi ya kuyafikia hayo mengine akiwa hai, na faida yake haiishii utotoni. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mitamba wa aina ya Brown Swiss waliopewa lita 2 za dang'a walipozaliwa, wakilinganishwa na waliopewa lita 4. Wale wa lita 4 walikua haraka zaidi, na walipozaa wakatoa maziwa mengi zaidi katika vipindi viwili vya mwanzo vya kukamuliwa. Mfugaji anayelalamika kwamba mbegu ya gharama ya uhimilishaji haikumletea ng'ombe wa lita 20, huenda mbegu haikuwa na kosa.

Nimalizie na wenye ng'ombe. Mpe kijana wako saa ya mkononi na tochi inayowaka. Nunua chupa yenye chuchu kabla ng'ombe hajatimiza miezi tisa, na kipimo cha lita kiwe kimetundikwa bandani, kisiwe cha kuazima jikoni. Andika ukutani kwa chaki: amezaa saa ngapi, amekunywa saa ngapi, lita ngapi, jina la aliyemnywesha. Ndama akifikisha umri wa kuachishwa akiwa mzima, awe jike au dume, yule aliyeamka usiku apate malipo yake juu ya mshahara, yaliyotajwa tangu mwanzo. Na utakapopigiwa simu kwamba ng'ombe amezaa, uliza kwanza kama ndama amekunywa.